Bangi, Bunge na Kanuni: Sheria Inavyotungwa na Mahali pa Mwamini

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge letu hukaa Dodoma kujadili bajeti. Ofisi ya Waziri Mkuu huwa miongoni mwa za kwanza kuwasilisha makadirio yake, na kwa kuwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iko chini ya ofisi hiyo, suala la bangi halikosi mahali pa kuingilia. Mbunge mmoja husimama na kusema kuwa majirani wanapata fedha za kigeni kwa zao ambalo sisi tunalichoma moto. Mwingine humpinga kwa kutaja vijana walioharibika jimboni kwake. Kesho yake ujumbe umeshazagaa kwenye simu kutoka Nyegezi hadi Ukerewe: "Serikali inaruhusu bangi." Ikifika Jumamosi, kwenye jumuiya ndogondogo, mtu anamuuliza frateri aliye likizo au katekista: Kanisa linasemaje?

Swali ni zuri, ila linachanganya mambo matatu. La kwanza ni la maadili: je, ni dhambi? La pili ni la sheria ya jinai: je, dola imfunge anayefanya hivyo, na kwa miaka mingapi? La tatu ni la kanuni na leseni: kama mmea huo utatumika kwa dawa, nani alime, nani anunue, nani alinde, nani ale faida? Mtu anaweza kujibu "ndiyo, ni dhambi" katika la kwanza na bado akawa na mengi ya kuuliza katika la pili na la tatu. Kinachosumbua ni kwamba mjadala wetu mitaani, na wakati mwingine mimbarini, huishia kwenye la kwanza, wakati bungeni yanayoamuliwa ni la pili na la tatu.

Sheria tuliyo nayo leo

Tuanze na ilivyo sasa, maana wengi wanaijua kwa kusikia tu. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1995. Tofauti kubwa ilikuwa hii: chini ya sheria ya zamani kulikuwa na Tume iliyoratibu tu kazi za vyombo vingine. Sheria ya 2015 ilianzisha Mamlaka yenye nguvu yake yenyewe ya kupekua, kukamata na kuchunguza. Mwaka 2017 ikarekebishwa, na adhabu zikakazwa.

Bangi imo ndani, na mirungi imo pia, jambo linalowashangaza ndugu zetu wanaovuka Sirari, kwa sababu ng'ambo ya mpaka, Kenya, mirungi ni zao halali linalouzwa sokoni. Kwa anayekutwa na hatia ya kusafirisha bangi, sheria yetu inataja kifungo cha miaka 30, na kiasi kikiwa kikubwa, kifungo cha maisha. Hapa neno "kusafirisha" lisomwe kwa makini. Katika lugha ya kawaida tunafikiria lori au mtumbwi. Katika sheria neno hilo limepanuliwa likajumuisha kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi, kuwa nayo na kuipeleka kutoka mahali hadi mahali. Kijana wa bodaboda anayelipwa elfu kumi apeleke kiroba bila kuuliza kuna nini ndani, mbele ya sheria anaweza kusimama pamoja na mwenye mzigo. Utetezi wake kwamba hakujua utapimwa na mahakama, lakini atautoa akiwa tayari mahabusu.

Kuna pia kifungu kinachomgusa moja kwa moja mkulima wa ukoo. Kosa si la anayelima peke yake: mmiliki au msimamizi wa ardhi anayeruhusu ardhi yake itumike kulimia mmea huo naye anatenda kosa. Ukanda wetu unafahamu maana yake. Huko Tarime, kwenye bonde la Mto Mara, operesheni za kufyeka na kuchoma mashamba ya bangi zimerudiwa mara nyingi, kama ilivyokuwa Kisimiri Juu kule Arumeru. Bangi hupandwa katikati ya mahindi, na si mara zote mzee mwenye shamba ndiye aliyeshika jembe. Mama mjane anayekodisha robo heka ili apate ada ya shule anapaswa kukijua kifungu hiki kuliko anavyohitaji kujua nani kasema nini bungeni.

Sheria hiyohiyo, na hili husahaulika, si ya magereza tu. Inatambua tiba kwa waathirika. Kliniki ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011 na huduma hiyo ikasambaa hadi mikoani, Mwanza ikiwamo. Methadoni hutolewa kwa waliozama katika heroini, haiwahusu wavuta bangi, lakini inafundisha jambo. Methadoni yenyewe ni dawa inayodhibitiwa. Ndivyo ilivyo pia mofini, inayotokana na mmea uleule wa afyuni unaozaa heroini, ambayo hospitali zetu, za Kanisa na za Serikali, huwapa wagonjwa wa saratani wenye maumivu makali. Kwa hiyo dola yetu imeshazoea, na Kanisa limeshazoea, kukitumia kitu kimoja kwa mkono mmoja huku kikikatazwa kwa mkono mwingine. Kinachotenganisha mikono hiyo ni daftari la dawa, kabati lenye kufuli, cheti cha daktari na mkaguzi anayekuja bila kubisha hodi.

Maneno ya mbunge si muswada

Mwaka 2019 wabunge kadhaa, wakiwamo wa huku Kanda ya Ziwa, walisema bungeni kwamba bangi ifikiriwe kama zao la dawa na biashara. Maneno yao yalisambaa sana. Sheria haikubadilika hata nukta. Si kwamba kuna mtu aliyaficha. Mchango wa mbunge katika mjadala wa bajeti ni maoni, na maoni hayaelekei popote mpaka yawe muswada.

Muswada una njia yake. Kwa kawaida huandaliwa na Serikali, ingawa kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge kuleta wake binafsi. Hutangazwa katika Gazeti la Serikali siku zisizopungua 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza, isipokuwa ukija kwa hati ya dharura. Ukishasomwa mara ya kwanza, ambapo kinachosomwa ni jina lake tu, Spika huupeleka kwenye kamati. Huko ndiko kazi yenyewe inakofanyika: kamati hualika wadau, hupokea maoni kwa mdomo na kwa maandishi, humwita waziri na kumhoji. Kisha unarudi ukumbini, unasomwa mara ya pili, unajadiliwa, na Bunge zima linakaa kama kamati kupitia kifungu kwa kifungu. Baada ya kusomwa mara ya tatu huenda kwa Rais. Ibara ya 97 ya Katiba inamruhusu Rais kukataa na kuurudisha pamoja na sababu zake.

Hata hapo safari haijaisha. Sheria ikishatungwa, Waziri hupewa mamlaka ya kutunga kanuni, ambazo huchapishwa kama Tangazo la Serikali na kuanza kufanya kazi. Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo huzipitia baadaye, zikiwa tayari zinatumika. Waamini wengi hawajawahi kuona kanuni hata moja kwa macho, na kwa kweli ndizo zinazomgusa mtu: ada ya leseni, ukubwa wa shamba, aina ya uzio, nani anaruhusiwa kuomba.

Tangu mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria zetu. Tafsiri ya sheria za zamani ni kazi ndefu, lakini udhuru wa "mimi Kiingereza sikijui" unazidi kupungua.

Kilichotokea ng'ambo ya ziwa

Mtu akidhani kwamba hatua hizi ni mapambo ya wanasheria, atazame Uganda.

Bunge la Uganda lilikuwa limepitisha sheria kali ya dawa za kulevya, ile inayojulikana kwa mwaka wake wa 2015. Ilikataza bangi, ikakataza na mirungi. Wakulima na wafanyabiashara wa mirungi wa Wakiso, wilaya inayouzunguka mji wa Kampala na kushuka hadi ziwani, wakaenda Mahakama ya Katiba. Walikuwa na hoja nyingi kuhusu riziki yao. Iliyowapa ushindi ilikuwa ya kuhesabu vichwa: siku sheria ile ilipopitishwa, haikuthibitishwa kuwa akidi imetimia. Tarehe 5 Mei 2023 Mahakama ikaitamka sheria nzima kuwa batili. Haikuamua kwamba mirungi ni mizuri wala kwamba bangi ni salama. Iliamua kwamba Bunge halikufuata utaratibu wake lenyewe, na kwa hiyo kilichotoka hapo hakikuwa sheria.

Tutulie hapo kidogo. Kwa miaka kadhaa watu walikamatwa, wakashitakiwa na kufungwa kwa maandishi ambayo mahakama ilikuja kusema hayakuwa na uhai. Familia zao zilisafiri kwenda magerezani zikiwa na chakula katika mifuko. Na upande wa pili, wazazi waliotegemea sheria ile iwalinde watoto wao waliamka siku moja wakakuta haipo. Pande zote mbili ziliumia kwa sababu mtu fulani aliona kuhesabu ni kupoteza muda. Hapa kwetu, Katiba inataka nusu ya wabunge wote wawepo ili kikao kitimie. Mwamini anayetazama Bunge kwenye runinga na kuona viti vitupu wakati muswada unapitishwa ana haki ya kuuliza.

Uganda haikukaa bila sheria. Kabla ya mwaka 2023 kuisha Bunge lilipitisha muswada mpya, na ukawa sheria. Bado unakataza matumizi ya bangi, ila umeacha mlango wa kulima kwa ajili ya dawa kwa kibali maalumu. Mlango huo haukuwa mgeni kabisa: huko Kasese, magharibi mwa nchi, tayari kulikuwa na kampuni yenye ubia na Waisraeli iliyokuwa ikilima kwa ajili ya kuuza nje.

Rwanda ilipita njia nyingine. Baraza la Mawaziri liliridhia mwaka 2020, na Juni 2021 ikatoka amri ya waziri inayosimamia bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje. Mnyarwanda akivuta barabarani anakamatwa kama zamani. Malawi nayo ilitunga sheria ya usimamizi mwaka 2020. Kenya, mbunge wa Kibra, hayati Ken Okoth, alianza mchakato wa muswada mwaka 2018. Alifariki kwa saratani Julai 2019 na muswada haukuwa sheria. Afrika ya Kusini, Mahakama ya Katiba ndiyo iliyoanza, Septemba 2018, kwa kusema mtu mzima asifanywe mhalifu kwa matumizi ya faragha nyumbani kwake. Sheria ya Bunge ilitiwa saini Mei 2024 tu.

Kimataifa, mkataba mkuu bado ni ule wa mwaka 1961. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura kuiondoa bangi katika Jedwali la Nne, kundi la vitu vinavyohesabiwa kuwa hatari mno na vyenye manufaa madogo sana kitabibu. Kura zilikuwa 27 dhidi ya 25, na mmoja hakupiga upande wowote. Wapo waliotangaza kwamba Umoja wa Mataifa umeruhusu bangi. Haukuruhusu. Imebaki katika Jedwali la Kwanza, chini ya udhibiti. Mkataba huo unaitaka nchi inayoruhusu kilimo chake iwe na chombo cha Serikali kinachotoa leseni, kinachotaja maeneo ya kulima, na kinachonunua mavuno na kuyachukua mikononi mwake ndani ya miezi minne tangu yavunwe.

Msomaji aurudie mstari huo wa mwisho. Anayesema "tukiruhusu, mkulima wa Tarime atatajirika" aeleze kwanza jinsi mkulima mwenye heka moja na nusu, asiye na hati ya ardhi, atakavyojenga uzio, kulipa walinzi na kupeleka sampuli maabara. Zao linalotakiwa na viwanda vya dawa ni mmea uliopimwa kiasi cha kila kemikali iliyomo, na mara nyingi huoteshwa katika vibanda maalumu. Si majani yanayopandwa katikati ya mahindi. Binafsi naona hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote zinazotolewa bungeni, na inashangaza kwamba wanaoipinga bangi huwa hawaigusi.

Kanisa linasemaje, basi

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inafundisha kwamba matumizi ya dawa za kulevya huharibu vibaya afya na uhai wa mtu, na ni kosa zito isipokuwa yanapokuwa kwa sababu za tiba tu. Uzalishaji wa siri na biashara yake inazihukumu kwa ukali zaidi, kwa kuwa zinawashirikisha wengine katika uovu. Baba Mtakatifu Fransisko, Juni 2014, alieleza waziwazi kuwa hakubaliani na kuhalalisha dawa za kulevya kwa ajili ya starehe, hata zile zinazoitwa nyepesi. Anayemwambia kijana wa kwaya kwamba Kanisa "limelegeza" hasemi kweli.

Lakini angalieni maneno yale "isipokuwa kwa sababu za tiba". Hayo si maneno ya kukwepa. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa inayotokana na mmea wa bangi kwa aina adimu na kali za kifafa cha watoto. Ni dawa ya maji, iliyochujwa, haileweshi, hutolewa kwa vipimo. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo akiuliza, jibu la maadili si gumu. Wala halimpi ruhusa mvuvi wa mwaloni Kirumba anayesema anavuta ili kuvumilia baridi ya usiku ziwani, wala kijana wa miaka 16 ambaye ubongo wake bado unakua na ambaye matumizi ya mara kwa mara yanamweka katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa akili.

Na adhabu je? Hapa mafrateri wanaosoma falsafa watamkumbuka Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika Summa, sehemu ya kwanza ya kitabu cha pili, swali la 96, anauliza kama sheria ya wanadamu inapaswa kukataza maovu yote. Anajibu hapana. Sheria inatungwa kwa ajili ya umati, ambao wengi wao hawajakamilika katika fadhila. Kwa hiyo inakataza maovu mazito, hasa yale yanayowaumiza wengine na ambayo jamii haiwezi kusimama yasipozuiwa. Wapo wanaomtumia Thoma kusema kila kitu kiachiwe huru. Hiyo ni kumnyang'anya maneno: biashara inayomweka mtoto wa mwenzako katika utumwa ni mfano hasa wa uovu unaowaumiza wengine. Ila anatupa pia haki ya kuuliza kama kijana aliyebeba kiroba kwa elfu kumi na bwana mkubwa aliyemtuma wanapaswa kukutana na adhabu ileile. Kuuliza hivyo hakumaanishi kuitetea bangi. Padre anayehudumu gerezani Butimba anaweza kuliuliza, na hajavunja fundisho lolote.

Basi muswada wa aina hiyo ukija siku moja, Tume ya Haki na Amani ya jimbo au ya parokia isisubiri waraka. Siku 21 za Gazeti la Serikali ni chache, na kamati ikishafunga mlango wa maoni haifungui tena. Maoni yanaweza kupelekwa kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge, Dodoma, na kundi la wanaparokia wanane waliosoma vifungu vizuri wanaweza kuandika kurasa mbili zenye uzito kuliko maandamano. Waanze na vifungu vya mwisho wa muswada, vile visivyosomwa na watu, vinavyosema Waziri anaweza kutunga kanuni kuhusu jambo hili na lile. Waulize: ada itatajwa wapi? Ardhi ya kijiji itachukuliwa kwa utaratibu gani, na mkutano mkuu wa kijiji utaitwa? Mavuno yakipotea njiani kati ya shamba na ghala, nani atawajibika? Fedha za leseni, sehemu gani itarudi kwenye tiba ya waathirika? Kama majibu hayamo ndani ya muswada wenyewe, yataandikwa baadaye na watu wachache, katika tangazo ambalo mama mjane wa Tarime hatalisoma.